Tiffany au Sunny: riwaya ipi ya njozi umnunulie kijana wa sekondari?

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, na nyumbani kuna kijana wa sekondari anayependa hadithi za maajabu, majina mawili hayakosi kutajwa: I Shall Wear Midnight cha Terry Pratchett, kilichotoka 2010, na Akata Warrior cha Nnedi Okorafor, cha 2017. Vyote viwili vimepata tuzo. Katika vyote viwili msichana ndiye anayeibeba hadithi, Tiffany kwa Pratchett na Sunny kwa Okorafor, na ana nguvu ambazo majirani zake wangeziita uchawi. Tena hakuna hata kimoja kilicho cha kwanza katika mfululizo wake, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokwama. Cha Pratchett ni cha 38 kati ya riwaya 41 za Discworld, mfululizo ulioanza 1983 na kuishia 2015, mwaka aliofariki mwandishi. Cha Okorafor ni cha pili katika masimulizi ya Sunny, yaliyoanza 2011 na kufikia kitabu cha tatu mwaka 2022.

Nimevisoma vyote pamoja na vijana wa S.2 hadi S.5 (mwaka wa pili hadi wa tano wa sekondari) katika kikundi chetu cha usomaji hapa Arua, Uganda, na ninao upande ninaoegemea. Nitausema wazi, ila kwanza tuvitazame.

Tuanze na hizo tuzo, maana duka likishabandika nembo ya dhahabu kwenye jalada, mnunuzi huacha kuuliza maswali mengine. I Shall Wear Midnight kilipewa Tuzo ya Andre Norton, ambayo hutolewa na chama cha waandishi wa riwaya za sayansi na njozi cha Marekani. Wanaopiga kura ni waandishi wenyewe. Akata Warrior mwaka 2018 kilichukua tuzo ya kitabu cha vijana inayotolewa kwenye sherehe za Hugo, tuzo za riwaya za sayansi na njozi, ambayo sasa inajulikana kama Lodestar, na ndicho kitabu cha kwanza kabisa kuipata. Kule wapigakura ni wanachama wa Worldcon, mkutano wa kila mwaka wa mashabiki wa riwaya hizo, yaani wasomaji na mashabiki wanaolipa ada. Mwaka uleule kilipata pia tuzo ya jarida la Locus ya vitabu vya vijana. Ukivisoma kimoja baada ya kingine utaona kila kundi lilipenda nini. Waandishi walikipenda kile ambacho sentensi yake moja hubeba kicheko na uchungu kwa pamoja. Mashabiki walikipenda kile kinachokufungulia ulimwengu ambao hujawahi kuuona kwenye rafu. Lakini si hawa wala wale walioulizwa kama mtoto wa Koboko, jirani zetu, ambaye hajagusa vitabu vilivyotangulia ataelewa kinachoendelea. Swali hilo ni letu.

Sunny na mji wa Osisi

Sunny Nwazue alizaliwa Marekani kwa wazazi Waigbo, akahamia Nigeria akiwa mdogo, anaishi Aba, na ana ualbino. Katika kitabu cha kwanza anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye nguvu za juju, na pamoja na marafiki zake Orlu, Chichi na Sasha anapambana na mtu anayeteka watoto na kuwaua kwa kafara. Akata Warrior kinaendelea kutoka hapo. Sunny sasa ana miaka 13, ndoto zinamwandama, kaka yake Chukwu ameingia chuo kikuu na kunaswa na genge la siri la wanafunzi, na njia yote inaelekea Osisi, mji ambao nusu yake iko duniani na nusu iko kwenye ulimwengu wa mizimu.

Kuna kitu kimoja katika ulimwengu huu ambacho vijana wetu hawaachi kukizungumzia. Mtu wa Chui akijifunza jambo, pesa huanguka kutoka hewani na kutua miguuni pake. Zinaitwa chittim, vipande vya chuma vilivyopinda, na kadiri ulichojifunza kilivyo kigumu ndivyo zinavyoanguka nyingi. Za shaba nyekundu ndizo zenye thamani kubwa. Za dhahabu ni za chini kabisa. Hebu fikiri kijana wa bweni, aliyezoea kusikia kila siku kwamba elimu ni ufunguo, anapofikia ukurasa ambao maarifa yanalipa palepale, kwa sauti ya chuma sakafuni. Mvulana mmoja wa S.2 alirudia kukisoma kifungu hicho kwa sauti, kisha akaorodhesha masomo ambayo yangemtajirisha. Hesabu ilikuwa ya kwanza.

Nguvu nyingine ya kitabu hiki ni ukaribu. Hakuna haja ya kumweleza mtoto wa Uganda pepper soup au mama anayesali kwa wasiwasi mwanawe akiwa chuoni. Filamu za Nigeria zimeshafanya kazi hiyo sebuleni kwetu kwa miaka. Kuna ndezi anayeruka, mkubwa kiasi cha kubeba abiria, na kwa watoto waliowaona ndezi wakitolewa shambani, hicho ni kichekesho kitamu sana. Udide, buibui mkubwa mno, hana haja ya utambulisho mrefu kwa watoto waliolelewa na hadithi za wanyama. Na Sunny mwenyewe: ni mara chache sana kitabu kinampa msichana mwenye ualbino nafasi ya mbele bila kumfanya wa kuhurumiwa. Anacheza mpira, anakasirika, anakosea, anaadhibiwa. Katika Afrika Mashariki, ambako watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, jambo hilo peke yake linatosha kukipa kitabu nafasi kwenye maktaba ya shule.

Udhaifu wake ni mwendo. Nusu ya kwanza inazunguka: adhabu ya Sunny ya kufungiwa chini ya maktaba pamoja na jini, matatizo ya Chukwu, safari ya Lagos, masomo. Mambo yenyewe ni mazuri, lakini msomaji anayengoja vita kuu na Ekwensu, pepo mwovu anayemwinda Sunny, atangoja sana, na ikifika inamalizika haraka kuliko maandalizi yake.

Tiffany na kazi ya kila siku

Tiffany Aching ni mchawi wa Chalk, nchi ya vilima vya chokaa na kondoo. Anakaribia miaka 16. Discworld ni dunia bapa inayobebwa na tembo wanne juu ya mgongo wa kobe anayeogelea angani, lakini kwa kitabu hiki hilo unaweza kuliweka kando, kwa sababu karibu yote yanatokea kijijini, kati ya watu wenye magoti yanayouma na wanawake wanaojifungua. Kazi ya Tiffany si kurusha moto. Anawakata kucha wazee wasioweza kuinama. Anawaosha wagonjwa. Anakaa na wanaokufa. Bwana wa nchi hiyo, ni mzee anayeugua kitandani, na Tiffany humwondolea maumivu: anayavuta nje ya mwili, anayashikilia kama kitu kinachoelea hewani, kisha anakwenda kuyatupa mahali yasipomdhuru mtu. Anachoka. Halali vizuri. Na wale anaowahudumia wanaanza kumtazama kwa jicho baya.

Hapo ndipo kitabu kinaponishika. Kuna kitu kinachozunguka nchini, roho ya mwindaji wa wachawi wa zamani, mtu asiye na macho, ambayo hurudi kila baada ya karne kadhaa. Haiui kwa mkono wake. Inapita tu, na ilipopita watu wanakumbuka ghafla mambo waliyosikia juu ya mwanamke yule anayeishi peke yake. Mjane anasema jambo. Jirani anaongeza. Kofia nyeusi ya Tiffany, iliyokuwa ikipokewa kwa shukrani mwaka jana, sasa inawafanya akina mama wawavute watoto ndani. Pratchett anaonyesha kwa utulivu mkubwa kwamba ile roho inapata nafasi pale tu ambapo chuki ilikuwa tayari imetandikiwa mkeka.

Na kabla ya hayo, karibu na mwanzo kabisa, kuna usiku wa ngoma mbaya. Baba mmoja amempiga binti yake wa miaka 13, mjamzito, hadi mimba ikaharibika. Kijiji kinajua. Watu wanatoka na masufuria, mapembe na chochote cha kupigia, wanakuja kumtafuta. Tiffany anafika kabla yao na kumwambia akimbie, ingawa hana huruma naye, kwa sababu anajua umati ukishamaliza kazi hiyo hautarudi ulivyokuwa. Nilipofika hapo na kundi la S.4 na S.5, nilifunga kitabu na tukazungumza jioni nzima. Wote wamewahi kusikia kelele ya “mwizi!” ikigeuka kuwa kitu kingine. Baadhi yao wameiona.

Ninakaa hapa zaidi kwa sababu Uganda inalijua jambo hili hata kisheria. Sheria yetu ya Uchawi ni ya 1957, na ilimruhusu hakimu kumfukuza mtu kijijini kwake. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 1997 kwamba amri ya kumtenga mtu na nyumba yake na shamba lake inapingana na Katiba, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 1999. Katika vitabu vya Tiffany yupo kikongwe aitwaye Snapperly, asiye na meno, aliyeongea peke yake. Mtoto wa bwana alipopotea, watu walivamia kibanda chake, wakachoma vitabu vyake, wakamuua paka wake, wakamwacha nje wakati wa baridi hadi akafa. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomfanya Tiffany aamue kuwa mchawi: ili lisitokee tena kwao. Msichana mmoja katika kikundi alisema kwao kuna uwanja usiolimwa ambao watu huupita haraka, na kwamba sasa anataka kumuuliza bibi yake nani alikuwa akiishi pale. Sijakutana na kitabu kingine cha vijana kinachomfikisha msomaji kwenye swali la namna hiyo bila kumhubiria.

Udhaifu wake upo pia. Safari ya katikati kwenda mji mkubwa wa Ankh-Morpork imejaa wahusika wanaotokea, wanachekesha na kutoweka, na aliyesoma Discworld tangu zamani atafurahi kuwaona kuliko mgeni. Pratchett alitangaza mwaka 2007 kwamba ana Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na vitabu vya miaka yake ya mwisho alivitoa kwa kutamka badala ya kuchapa. Mimi nasikia humo sauti ya mtu anayezungumza, wakati mwingine kwa urefu kidogo. Sioni kama inaharibu kitabu.

Je, unaweza kuanzia hapo?

I Shall Wear Midnight: ndiyo, ila kwa hasara fulani. Tatizo linaanza na kumalizika ndani ya kitabu kilekile. Utakachokosa ni uzito wa baadhi ya mahusiano: kwa nini ndoa ya Roland, mwana wa bwana wa nchi, na msichana mwingine inamuuma Tiffany ingawa hataki kukiri, na bibi yake mchunga kondoo alikuwa nani hata akumbukwe kila mara. Hayo yamo katika The Wee Free Men cha 2003, ambamo Tiffany ana miaka tisa na anamfuata malkia wa majini kumrudisha mdogo wake, silaha yake ikiwa kikaangio. Katikati kuna A Hat Full of Sky na Wintersmith, na baada yake The Shepherd's Crown. Vitabu 41 visikutishe: vya Tiffany ni vitano tu, na vinajitosheleza.

Akata Warrior: hapana. Okorafor anakumbusha mambo machache mwanzoni, lakini uso wa roho wa Sunny, kanuni za Watu wa Chui, hata sababu ya Ekwensu kumchukia, vyote vimewekwa msingi katika kitabu cha kwanza. Kwa hiyo anayesema “nanunua Akata Warrior” kwa kweli ananunua vitabu viwili, na bajeti ihesabiwe hivyo tangu mwanzo.

Hapa pana mtego. Vitabu hivi vina majina mawili. Kitabu cha kwanza kinaitwa Akata Witch kwa toleo la Marekani na What Sunny Saw in the Flames kwa toleo la shirika la uchapishaji la Cassava Republic. Cha pili, Akata Warrior, kwa Cassava Republic ni Sunny and the Mysteries of Osisi. Ni kitabu kilekile. Ukiagiza Kampala, kwa mfano Aristoc pale Kampala Road, kisha kikaja kwa mzigo wa basi hadi huku, kurudisha kwa sababu umenunua kimoja mara mbili ni usumbufu ambao hakuna anayeutaka. Taja jina la mwandishi na utaje Sunny. Kwa shule zilizoanzishwa na makanisa kuna jambo la kuongeza: toleo lenye Sunny kwenye jina hupita ofisini bila maswali, wakati lile lenye neno la uchawi juu ya jalada linaweza kukaa kwenye droo ya mwalimu mkuu muhula mzima. Kumficha mkuu wa shule si sawa, mweleze kilichomo. Lakini jalada lisiwe ndilo linaloanza mazungumzo.

Lugha

Vyote tunavisoma kwa Kiingereza, na hapa tofauti ni kubwa. Okorafor anaandika sentensi fupi, safi, zenye maneno ya Kiigbo na pijini yanayoeleweka kwa muktadha. Mwanafunzi wa S.1 mwenye bidii atasoma peke yake.

Pratchett anampa Tiffany walinzi wanaoitwa Nac Mac Feegle, watu wadogo wa buluu wenye nywele nyekundu, walevi, wagomvi, waaminifu hadi kufa, na wanazungumza Kiingereza cha Uskoti kilichokolea. Ukurasa wa kwanza wanaposema “ye ken” na “dinnae”, vijana wetu walidhani ni makosa ya uchapaji. Tulichofanya ni kusoma sehemu zao kwa sauti, kila mtu na mhusika wake, na ndani ya sura mbili wakaanza kuelewa kwa sikio kile ambacho jicho lilikikataa. Toleo tulilo nalo lina orodha fupi ya maneno yao mwishoni. Kuna pia toleo la sauti lililosomwa na Stephen Briggs, na anayeweza kulipata alitumie bila kusita. Kuna tanbihi pia, nyingi zikiwa na mzaha. Mwambie msomaji mapema kwamba tanbihi hizo ni sehemu ya hadithi, asiziruke.

Umri na mambo mazito

Sunny: miaka 12 na kuendelea, ingawa kitabu cha kwanza kina mauaji ya watoto kwa kafara. Nchini Uganda hofu hiyo ni ya kweli kiasi kwamba ilitungiwa sheria yake mwaka 2021, na mtoto mdogo anaweza kupata shida ya kulala. Kisome wewe kwanza.

Tiffany katika I Shall Wear Midnight: si chini ya 14, na mimi napendelea 15. Kuna kipigo, mimba iliyoharibika, na mwanamume anayejaribu kujinyonga. Vimeandikwa kwa heshima kubwa, bila kuonyesha zaidi ya kinachohitajika, lakini visisomwe na mtoto aliye peke yake gizani na tochi. Kama unajua katika darasa lako kuna anayepitia jambo kama hilo nyumbani, zungumza naye kabla, siyo baada.

Ninachoegemea

Kama kitabu kitasomwa na kijana mmoja, wa S.1 au S.2, likizoni, bila mtu wa kumuuliza, mnunulie vile viwili vya Sunny kwa mpangilio wake. Kama pesa inatosha kimoja, mpe cha kwanza; kile chenye tuzo kitangoja sikukuu nyingine.

Kama ni cha maktaba ya shule, kikundi cha usomaji, au nyumba ambamo mtu mzima atakisoma pia, mimi nachagua I Shall Wear Midnight, na ningekichagua hata kama kisingepata tuzo yoyote. Vijana wetu wana hadithi nyingi za mteule anayezaliwa na nguvu kubwa. Hawana nyingi za msichana ambaye nguvu yake ni kujitokeza tena kesho asubuhi kwenye nyumba ileile ya mgonjwa yuleyule, hata baada ya kijiji kumgeuka, na ambaye anajua kwamba wakubwa wake katika kazi wanamtazama kwa mbali, tayari kummaliza wao wenyewe kama roho ile itamshinda. Wauguzi wa vituo vya afya wataitambua siku yake ya kazi. Watoto wa wafugaji, wa Karamoja na wa Ankole, watamwelewa bibi yake mchungaji upesi kuliko wasomaji wengi wa London. Kile Kiskoti kigumu kinavumilika mkiwa wengi.

Kwa wadogo wa P.6 na P.7 wanaotaka kuonja Discworld, The Amazing Maurice and His Educated Rodents ndicho kilichompa Pratchett Nishani ya Carnegie ya mwaka 2001, inayoamuliwa na wakutubi wa Uingereza. Ni paka, panya wanaoongea na mvulana mwenye filimbi. Kinajitegemea kabisa, ingawa mapango yake yana giza la kutosha.

Na aliyemaliza Sunny na Tiffany wote akarudi kuomba kingine, aingie Earthsea, mfululizo wa Ursula K. Le Guin kuhusu ulimwengu wa visiwa, ambako watu wengi wa visiwa vile wana ngozi nyeusi au ya kahawia na hakuna anayeliona kuwa ajabu. The Farthest Shore ndicho kilichochukua National Book Award ya vitabu vya watoto mwaka 1973, lakini ni cha tatu, na kinahusu mchawi Ged, sasa mtu mzima, akielekea nchi ya wafu. Asiyemjua Ged akiwa kijana mwenye kiburi hatajua amepoteza nini. Mnunulie kwanza A Wizard of Earthsea cha 1968. Ni chembamba, hupatikana mara nyingi kwenye vitabu vya mtumba, na mwanafunzi wa S.3 hukimaliza kwa wikendi mbili.